Mganga Hajigangi: Majibu kwa Wasomaji Wanaouguza

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi kwa mwaka wa 11 sasa. Hivi karibuni tulipewa mafunzo ya uuguzi jumuishi, yaani kumhudumia mgonjwa mwili, akili, roho na uhusiano wake na watu wake. Nilisikiliza kwa haya, kwa sababu wiki ile alifariki mgonjwa niliyemhudumia kwa muda mrefu, nami nikajikuta nikiwaza tu kwamba kitanda kimepatikana. Zamani ningelia. Je, moyo wangu umekuwa mgumu? Na mtu aliyeishiwa namna hii atatoaje huduma ya aina hiyo?
*Muuguzi Aliyechoka*

JIBU: Muuguzi mwenzangu, moyo uliokuwa mgumu hauoni haya, nawe umeona haya hadi ukatuandikia. Hali unayoieleza inafahamika. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya kuishiwa nguvu kwa watu waliojitoa kuwahudumia wengine, akiwa ameyapitia hayo yeye mwenyewe, na baadaye Christina Maslach akaichambua hali hiyo katika pande tatu: kuchoka kihisia, kujitenga na unayemhudumia mpaka anakuwa kama kitu, na kuona kwamba kazi yako haina tija. Kukiwaza kitanda kabla ya mtu aliyekilalia ni upande wa pili huo. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, linaieleza kuwa ni matokeo ya msongo sugu wa kazini ambao haukushughulikiwa, wala haliiti ugonjwa, sembuse dhambi.

Umeuliza utatoaje huduma jumuishi ukiwa hivyo, na hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Dripu inaweza kutundikwa na mtu aliyechoka. Lakini kutambua kwamba mgonjwa huomba dawa ya maumivu kila jioni mara tu wageni wake wanapoondoka, na kwamba pengine kinachomuuma wakati huo ni upweke, kunahitaji mtu ambaye bado ana nafasi ndani yake ya kumwona mwenzake. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa ofisa ustawi wa jamii na hatimaye daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza walio karibu kufa, ya St Christopher's jijini London, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Maumivu ya namna hiyo hayana kipimo cha maabara. Chombo cha kuyapimia ni muuguzi mwenyewe, na chombo hicho nacho kinahitaji matunzo.

Wengi wetu tumelelewa na methali isemayo mganga hajigangi, tukaielewa kana kwamba mganga hana haki ya kuugua. Mimi naisoma tofauti: inasema mganga naye anahitaji wa kumganga. Mwongozo wa maadili wa Chama cha Wauguzi cha Marekani unatamka kwamba muuguzi ana wajibu kwa nafsi yake pia, na Azimio la Geneva, ambalo ni kiapo cha madaktari, liliongezewa mwaka 2017 ahadi ya daktari kuitunza afya yake ili aweze kutoa huduma bora.

Anza na usingizi. Watafiti nchini Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na sijui muuguzi ambaye angethubutu kupima dozi akiwa amelewa. Pili, mgonjwa anapofariki, ombeni dakika moja ya kimya pamoja na wenzenu kabla ya kitanda kutandikwa upya, mkimtaja kwa jina lake. Tatu, zungumza na mshauri nasaha. Na ikiwa huzuni au ganzi hiyo inakufuata mpaka nyumbani, ikikuondolea hamu ya kula au ya kuishi, nenda kwa daktari bila kusubiri, kwani hiyo yaweza kuwa sonona.

Hata hivyo, usikubali kubebeshwa peke yako lisilo lako. Utafiti ulioongozwa na Linda Aiken katika hospitali za Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuishiwa nguvu kwa asilimia 23. Mazoezi ya kupumua ni mema, lakini hayajazi pengo la wauguzi watatu wasioajiriwa, na uongozi wa wodi yenu unapaswa kuambiwa hivyo kwa maandishi.

SWALI: Je, uuguzi jumuishi maana yake ni kuacha dawa za hospitali?
*Mwanafunzi wa Uuguzi*

JIBU: Hapana. Dawa hutolewa kwa wakati wake na kidonda husafishwa kama kawaida. Kinachoongezeka ni kumuuliza mgonjwa anaogopa nini, na kungoja jibu.

SWALI: Baba yangu alipata kiharusi miaka 3 iliyopita nami ndiye ninayemuuguza nyumbani. Ndugu zangu hunisifu kwa uvumilivu. Juzi nilimfokea, kisha nikalia. Mgongo unaniuma, na dawa zangu za presha ziliisha wiki tatu zilizopita, sijapata nafasi ya kwenda kliniki.
*Binti wa Baba*

JIBU: Binti mpendwa, ulimfokea kwa sababu umechoka, mwombe radhi, hata kama hawezi kukujibu, kisha ujisamehe. Kuhusu mgongo, mwombe mtaalamu wa viungo akuonyeshe namna ya kumsogeza mgonjwa kwa shuka badala ya kumwinua kwa mikono.

Sifa za ndugu zako zigeuzwe kuwa zamu. Usiombe msaada kwa ujumla, maana ombi la wote halina mwenyewe. Mtaje mtu, siku na saa, na umwandikie kwenye karatasi jinsi baba anavyogeuzwa na anavyolishwa.

Lakini lile ulilolitaja mwishoni ndilo lililonishtua. Shinikizo la juu la damu ndicho kihatarishi kikuu cha kiharusi, ugonjwa uleule unaouuguza kila siku. Mpigie mmoja wa ndugu zako leo, akae na baba kesho asubuhi, nawe uende ukachukue dawa zako.