Kufundisha Thailand: Kithai kitakusumbua wapi hasa

Mnaojiandaa kuja Thailand kufundisha Kiingereza mnauliza kama Kithai ni lazima. Darasani si lazima, na Bangkok mtu anaweza kukaa miaka bila kukijua. Lakini sokoni, kliniki na kwa mwenye nyumba, hasa mikoani, utahangaika. Sarufi ni nyepesi, kitenzi hakinyumbuliki kabisa. Kazi iko mdomoni, kwa sababu mdomo wetu umezoea Kiswahili.

Anza na pumzi. Kithai kinatenganisha k na kh, p na ph, t na th. Kai ni kuku, khai ni yai, na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ni ileile. Ukiagiza khao phat kai, wali wa kukaanga na kuku, ukaachia pumzi kwenye k ya mwisho, unaletewa wa mayai. Phet ni kali kwa pilipili, pet ni bata. Ukisema "mai pet" umekataa bata, na pilipili inakuja vilevile. Shika karatasi ya tishu mbele ya midomo: kwa ph inapepea, kwa p inatulia. Waliokulia Mombasa na Lamu wana nafuu, maana pumzi hiyohiyo ndiyo inayowatenganishia paa mnyama na paa la nyumba. Ng' ya ng'ombe nayo inaanza maneno mengi ya Kithai, na hiyo sote tunayo.

Mwisho wa neno ndipo tunapoharibu zaidi, kwa kupachika irabu. Rot ni gari. Ongeza i, umesema roti, chapati nyembamba ya ndizi inayouzwa barabarani. Neno likiishia p, t au k, funga hapohapo, usiachie.

Toni ni tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kushusha ya mwisho, na tukiuliza tunapandisha sauti. Tabia zote mbili zinabadilisha maana hapa. Klai ya toni ya kati ni mbali, klai ya kushuka ni karibu. Kwa dereva usibahatishe, uliza "ki kilo", kilometa ngapi. Mai ya kukanusha hutangulia kitenzi na hushuka; ya kuuliza hukaa mwisho na sauti iko juu. Mwanamume hufunga sentensi kwa khrap, mwanamke kwa kha, na wanaume wengi wanaojifunza kwa walimu wenzao wa kike huiga kha bila kujua.

Kwenye saa za jioni tuna bahati, namba ni zilezile za saa zetu. Nueng ni moja, kwa hiyo nueng thum ni saa moja usiku, song thum saa mbili, mpaka ha thum, saa tano. Angalia tu baada ya saa sita usiku, hesabu inaanza upya: ti nueng ni saa saba usiku. Asubuhi nako, wengi siku hizi huita saa mbili paet mong, yaani nane.

Msitegemee Kithai kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kila kitabu kina tahajia yake, na toni mara nyingi haionyeshwi. Konsonanti ni 44 katika makundi matatu, 9 za kati, 11 za juu na 24 za chini, na kundi ni sehemu ya kanuni ya toni. Anzeni na zile 9 kabla ya kupanda ndege: k, p na t zisizo na pumzi zote zimo humo.