Kutuma malinki mu grupu na kuandika maneno juu yake, ni thawabu ao ni dhambi?

SWALI: Assalaam aleykum sheikh. Niko Goma, mu Katindo. Mangaribi nikipata mega natafutaka ku intaneti mambo ya muzuri, habari ya volkano, mawaidha, mambo ya afya, njo natuma linki mu grupu ya familia na ya bamama ba msikiti, naongeza na maneno yangu kidogo. Shemeji yangu anasema ile yote ni upuzi, nitaulizwa siku ya kiyama. Na ukweli, zingine natumaka nimesoma paka kichwa cha habari. Ni dhambi?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah dada yangu. Kutuma kitu cha faida si upuzi hata kidogo. Mtume (s.a.w.) amesema, na ameipokea Muslim, kwamba mwenye kuonyesha kheri anapata mfano wa ujira wa yule aliyeitenda. Ukituma linki ya namna ya kuchanganya maji safi, sukari na chumvi juu ya mtoto anayeharisha, na mama mmoja kule Majengo akafanya hivyo, wewe uko mu ile thawabu hata kama umelala.

Shida iko ku neno lako la mwisho, kusoma kichwa tu, na hapo shemeji yako ana haki. Linki ni ya aliyeandika, lakini maneno unayoweka juu yake ni yako, ukiandika "someni, ni kweli kabisa" umeshakuwa shahidi, na umeshuhudia kitu haujaona. Allah anasema mu Al-Israa aya ya 36 tusifuate tusiyo na elimu nayo, juu masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Na Mtume akasema inamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachosikia. Kila anachosikia! Hakusema anachotunga.

Sisi watu wa Goma tungeshika hii kuliko wengine. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikafika mpaka Buhene, matetemeko yakafuata siku nyingi, na tarehe 27 amri ikatoka watu wa sehemu kubwa ya mji wahame, wakaenda Sake, wengine Rwanda, wengine na mashua mpaka Bukavu. Ilikuwa habari ya kweli. Lakini zile linki za wakati ule ziko bado ku intaneti, ukituma moja leo bila kuangalia tarehe, mama mwenye simu ndogo anaona tu "watu wa Goma wahame", anafunga godoro, anashika watoto mkono, anatoka usiku. Nani atabeba ile hofu? An-Nisaa aya ya 83 inasema kabisa juu ya watu wakijiwa na jambo la amani ao la hofu wanalitangaza, na wangelirudisha kwa wenye kujua wangelielewa. Kwa hiyo habari ya mlima, ona kwanza kama wale wa OVG, wachunguzi wa volkano hapa Goma, wamesema kitu.

Basi fungua linki, shuka mpaka chini, ona tarehe na nani ameandika. Umesoma nusu? Andika "nimesoma nusu", si aibu. Kama ni video nzito sema pia, juu kuna wamama mega yao ya siku nzima inaishia mu video moja, na hiyo ni haki yao. Zile za "tuma kwa watu kumi utapata habari njema", futa tu, hazina asili.

Nakuomba sana ku jambo moja: picha za maiti na video za kuvunjia mtu heshima. Hata ukiandika juu yake "masikini, Allah amrehemu", bado umeonyesha, na mtoto wake anaweza kuwa mu grupu ile. Mwenye kumsitiri Muislamu, Allah atamsitiri.

Na zile ulishatuma bila kusoma, zisome sasa. Ukikuta moja si kweli usiifute kimya kimya, juu mu Al-Baqara aya ya 160 waliotubu wanatajwa pamoja na kutengeneza na kubainisha, njo rudi mu grupu ile ile, uandike wazi kwamba ile habari haikuwa sawa, na umuombe kila aliyeipeleka mbele afanye hivyo hivyo. Wallahu aalam.