Simu haimjibu mtoto

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wazazi wa chekechea ninayofundisha hapa Lamu ni moja: "Mwalimu, nimpe simu kwa muda gani?" Jibu la muda lipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto asiyetimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa mwaka mmoja pia asikalishwe kutazama. Kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Shikeni kipimo hicho. Lakini mzazi anaweza kuhesabu dakika vizuri na bado jambo kubwa likampita, nalo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kila muhula napokea mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye mamake ananiambia kwa furaha kwamba anajua herufi zote, anajua rangi kwa Kiingereza, anahesabu mpaka ishirini. Ni kweli, anajua. Nikimkalisha kwenye mkeka nikamuuliza, "Umekuja na nani leo?" ananitazama, kisha anasema, "Nani leo." Namuuliza tena, pole pole, naye anaanza kuimba wimbo wa herufi. Mwenzake akimnyang'anya kigari hasemi "nipe", anapiga kelele tu. Mtoto huyu si mzito wa kuelewa, na kumbukumbu anayo ya ajabu. Alichokosa ni mtu wa kurudishiana naye maneno. Amesikia maneno mengi sana, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa linamjibu yeye.

Mtoto mchanga akisema "ba ba ba", mama akamgeukia na kumwambia "Ehee, baba yuwaja!", pale pale kuna somo: nimetoa sauti, mtu amenigeukia, sasa ni zamu yangu tena. Kutwa nzima anafunzwa hivyo, mara nyingi mno, bila mtu kujua kwamba anafundisha. Simu haina zamu. Mtoto akicheka, akilia, akiuliza, akinyamaza, katuni inaendelea vilevile.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani ninaopenda kuwasimulia wazazi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle walichukua watoto wa miezi tisa wa nyumba zinazosema Kiingereza tu, wakawasikilizisha Kichina. Kundi moja lilikaa na mtu mwenyewe, akiwasomea vitabu na kucheza nao. Kundi jingine liliwaona watu haohao, maneno hayohayo, kwenye televisheni. Waliokaa na mtu walizishika sauti za Kichina. Wa televisheni hawakushika kitu, wakawa sawa na watoto ambao hawajapata kusikia Kichina maishani mwao. Kwa hivyo mzazi anaponiambia amemwekea mtoto wa mwaka mmoja video za kufunza lugha, namwambia aiweke simu chini amsemeshe yeye mwenyewe, kwa lugha yoyote aijuayo vizuri. Kwetu sisi lugha hiyo ni Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Mimi sijaona katuni ya Kiamu, na mtoto asipokipata kwa bibi yake na kwa mamake hatakipata popote. Inaniuma kumwona bibi akimwita mjukuu, naye mjukuu hajui la kumrudishia.

Kuna televisheni ambayo hakuna aitazamaye, nayo wengi hawaihesabu. Imewashwa tangu asubuhi. Tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili inaisha, inaingia nyingine, na mtoto yuko sakafuni na vikopo vyake. Tunasema hatazami. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto waliovalishwa vinasa sauti vidogo kutwa. Kila saa moja ya televisheni inayosikika, mtoto alisikia maneno 770 hivi pungufu kutoka kwa watu wazima wa nyumba. Hakuna aliyewakataza watu kusema. Sauti ya televisheni inawanyamazisha wenyewe. Basi kama kuna jambo moja tu utakalofanya baada ya kusoma makala hii, izime televisheni ambayo hakuna aitazamaye. Halina gharama wala halina kilio, na utaanza kusikia mtoto anavyojisemea akicheza.

Simu iliyo mkononi mwetu sisi wakubwa inafanya kazi ileile. Mtoto anaita "Mama, mama, mama," mama anasema "Mmh" macho yakiwa kwenye ujumbe wa kikundi cha harusi. Akishaitikiwa hivyo siku nyingi, huacha kuita.

Sasa, najua nyumba zetu. Najua mama anayekaanga viazi vya karai vya kuuza, mafuta yanachemka, hana mtu wa kumshikia mtoto, na simu ndiyo inayomweka mtoto mbali na jiko. Mama huyo simlaumu hata kidogo, usalama unatangulia. Ninachomwambia ni kwamba ile iwe ya jiko tu, isigeuke kuwa ya kutwa. Na mtoto akishafika miaka miwili, mpe kazi mbali na moto: vifuniko na sufuria za kupanga, mchele wa kupekua kwenye ungo, vitunguu saumu vya kutenganisha. Zungumza naye hukohuko uliko. "Umeona kijiwe? Kitupe. Hicho kikubwa!" Mkono unakaanga na mdomo unamlea.

Chakula nakiweka peke yake, maana hapo ndipo tabia hujikita. Mama mmoja wa jamaa zangu alikuwa akimlisha mwanawe wa miaka miwili, simu imeegemezwa kwenye jagi la maji. Macho ya mtoto hayabanduki. Kijiko kikigusa mdomo, mdomo unafunguka. Anameza, hajui kama ni wali au ni uji, hajui kama ameshiba. Simu ikazimika chaji. Mdomo ukafungwa, kikaanza kilio cha kuita majirani.

Mtoto akiwa amefika hapo, usianze kumwachisha siku ya haraka wala siku ya wageni. Kwanza kubalianeni wakubwa wote wa nyumba, kwa sababu mmoja akilegea, mtoto atalia mpaka ampate huyo. Simu itolewe chumbani kabisa, isiwekwe juu ya kabati anakoiona. Kaa naye kwenye sinia pamoja na wengine, umwache atie mkono wake mwenyewe, amwage, ajipake. Siku za kwanza atakula kidogo na atalia. Mtoto mzima wa afya hafi kwa kuruka chakula kimoja. Njaa itamleta kwenye sinia chakula kinachofuata. Aliye mgonjwa au mwenye uzito mdogo huyo ni mwingine, muulizeni muuguzi wa kliniki kabla ya kubadilisha lolote.

Usiku nao una lake. Mwili hujitayarisha kulala giza likiingia, na mwanga wa skrini karibu na macho huuchelewesha, kwa watoto wadogo zaidi kuliko kwetu. Mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku nzima, na ninawapokea asubuhi waliolala saa sita usiku. Hao ndio wanaouma wenzao na kulia bila sababu. Nyumbani kwangu kanuni ilikuwa adhana ya Magharibi: ikisomwa, hakuna skrini ya mtoto tena hadi kesho. Faida yake ni kwamba si mama anayekataza. Mtoto huisikia mwenyewe, wala hakuna wa kubishana naye.

Wakati huo ndio wa hadithi, na hapa wazee wetu walituachia kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya shida hiihii. Msimulizi akisema "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka mtoto aseme "Pakawa!" Kitendawili hakiendi bila "Tega!" Wa miaka miwili bado ni mdogo kwa vitendawili, lakini mshike vidole vyake, umsimulie jinsi kimoja kilivyosema twendeni tukaibe, vingine vikaulizana, na gumba likajitenga likasema mimi simo. Nyamaza kidogo kabla ya "mimi simo". Akishaisikia mara kadhaa, atalimalizia yeye.

Mchana tuna neema ambayo wazazi wa miji mikubwa wanaitamani: mji wetu wa kale hauna magari vichochoroni. Mtoto wa miaka miwili anaweza kutembea kwa miguu yake kutoka mtaa wa Langoni mpaka gatini kwenye vyombo, amejiegemeza ukutani mtu akipiga kelele "Simile!" punda wapite. Usimbebe na usiharakishe. Akisema "Punda!" wewe mwongezee: "Naam, punda, amebeba mchanga. Anaupeleka wapi?" Hapo ndipo lugha inapokua, neno lake moja linarudi kwake likiwa matano. Gatini mwambie hili jahazi, ile mashua, ule mtumbwi, na mawe yale yametoka kisiwa cha Manda. Kesho yake muulize wewe. Mwongozo ule wa 2019 unataka watoto wa mwaka mmoja hadi minne wapate saa tatu za kujongea kila siku; kwenda gatini na kurudi, na kibe, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, jioni na watoto wa mtaani, vinakupeleka mbali. Na macho yao pia yanahitaji kutazama mbali nje kwenye mwanga wa mchana, maana kukaa nje kunawapunguzia watoto hatari ya kutoona mbali wakikua.

Kwa ile saa moja ya skrini ya watoto wakubwa wa chekechea, chagueni wenyewe. Ipo programu ya katuni za Kiswahili zinazokwenda taratibu, zinauliza na kusubiri. Hizo ni nzuri kwa mtoto wa miaka mitatu na kuendelea. Zinazokimbia, picha zikibadilika kila kope ikipigwa, ziacheni. Mwaka 2011 watafiti wa Virginia waliwaonyesha watoto wa miaka minne katuni ya kasi kwa dakika 9 tu, na mara baada yake walishindwa kutulia na kufuata maagizo kuliko wenzao waliokuwa wakichora. Zimeni ile inayofungua video nyingine yenyewe, maana mtoto hajui mwisho usipoonekana. Pakueni mbili tatu, bando mzime, na zikiisha zimekwisha. Na ukiweza keti naye. Sema, "Mbona huyu analia?" Ukimuuliza hivyo, ile video inakuwa mazungumzo yenu.

Simu ya video ya baba aliye Jeddah au shangazi aliye Mombasa siihesabu kwenye saa hiyo, na madaktari wa watoto wa Marekani nao waliitenga kwenye ushauri wao wa 2016 hata kwa wadogo kabisa. Yule anamjibu. Mtoto akificha uso, baba anauliza, "Yuko wapi Mwanangu?" Ila kaa karibu umsaidie, maana mtoto wa mwaka mmoja hajui atazame wapi.

Babu na bibi wanahitaji kuambiwa kwa adabu. Usiwaletee takwimu zangu. Mwambie, "Bibi, nakuomba, akija kwako mfundishe zile nyimbo ulizotuimbia sisi, mimi nimezisahau." Sijapata kumwona bibi akaikataa hiyo.

Neno moja la mwisho kwa mzazi ambaye mtoto wake haneni. Majirani watakwambia ni simu, nawe utaizima usubiri. Kuizima ni vyema, kusubiri si vyema. Mtoto anaweza kuchelewa kusema kwa sababu masikio hayasikii vizuri, au kwa sababu nyingine ambayo haikuletwa na skrini yoyote, na huwezi kuijua kwa kumtazama. Akifika mwaka na nusu hana neno hata moja, au miaka miwili haunganishi maneno mawili, au haitiki jina lake, mpeleke kliniki na uombe masikio yapimwe kwanza. Nenda sasa akiwa na hiyo miaka miwili, usingoje aniingilie darasani akiwa na minne.