Nimehamia Taveta na kura yangu iko Nairobi: mtu wa saiba anaweza kunihamishia?

Swali: Mimi ni mwalimu, nilijiandikisha kupiga kura Embakasi Magharibi kabla ya uchaguzi wa 2022, halafu nikahamishwa kikazi hadi Taveta. Kijana wa saiba (duka la intaneti) hapa mjini anasema atanihamishia kura onlaini kwa shilingi 300. Nimeshamtumia picha ya kitambulisho ila pesa bado. Mwenzangu naye ananiambia nisijisumbue, siku ya kura niende tu shule ya karibu kwa sababu alama za vidole vyangu ziko kwa mashine. Nani yuko sawa?

Jibu: Mwalimu, hakuna aliye sawa kati yao, na hizo 300 usitoe. Kuhamisha kura ni bure na hakuna mtu anaweza kukufanyia kama wewe mwenyewe haupo. Unaenda ofisi ya IEBC, ile tume ya uchaguzi, ya eneo bunge la Taveta na kitambulisho halisi au pasipoti, si kopi, si picha kwa simu, si ile karatasi ya kusubiri kitambulisho. Unajaza fomu ya kuhamisha, unasema unataka kituo gani, unachukuliwa alama za vidole na picha, basi. Na ukifika usiseme unataka kujiandikisha, sema unataka kuhamisha, kwa sababu wewe tayari uko kwa daftari la wapiga kura na kujiandikisha mara mbili ni kosa la uchaguzi.

Sasa huyu mwenzako wa mashine. Hii kitu naisikia kila mahali na inanichosha kweli, kwa sababu watu wanakosa kura kwayo hali walikuwa na nia kabisa ya kupiga. Watu wanafikiria kwa vile tunatumia kidole basi uko huru kupigia popote, kama vile kutoa pesa kwa wakala yeyote wa M-Pesa. Hapana. Kidole ni cha kuthibitisha kwamba wewe ndiye yule aliye kwenye daftari la kituo hicho. Kama jina lako liko Embakasi, msimamizi wa kituo cha Taveta hana ruhusa ya kukupa karatasi hata kama anakujua na unamfunzia watoto. Na fikiria pia ungepiga nini, maana unapewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA (mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti), na tano kati ya hizo zinategemea mahali ulipoandikishwa. Hata ndani ya Taveta yenyewe, aliyeandikishwa wodi ya Mata hawezi kumchagua MCA wa Bomani. Ndio maana nakuambia uchague kituo kwa makini pale ofisini, chagua kilicho karibu na unapolala, sio karibu na shule unayofundisha, kwa sababu ile siku hutakuwa kazini.

Kuna wengine wananiambia ati walibadilisha makazi kwa kitambulisho kwa hivyo kura ilifuata yenyewe. Haifuati. Usajili wa watu ni ofisi nyingine na IEBC ni nyingine, ukibadilisha huku, kule hakuna kinachosonga.

Turudi kwa saiba kwa sababu hapo ndipo nina hasira. Nikwambie kile huwa wanafanya. Anafungua ukurasa wa kuangalia kama umesajiliwa, anaweka namba yako ya kitambulisho, inatokea jina lako na kituo, anakuprintia, anakupigia laminesheni ikang'aa, unalipa unaenda nyumbani umeridhika. Ukiisoma vizuri hiyo karatasi bado imeandikwa Embakasi! Lakini nani anasoma, mtu ameshalipa na amepewa kitu kigumu cha kushika mkononi. Halafu siku ya kura mama wa watu amepanga foleni kutoka saa kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni, anafika mbele anatoa ile laminesheni, karani anaweka kidole chake kwa mashine, jina halipo. Anaanza kulia kwamba ameibiwa kura, watu kwa foleni wanaanza kupiga kelele kwamba wizi umeanza, na kumbe aliyemwibia yuko kwa saiba mtaani ametulia. Wakati huo hakuna kitu msimamizi anaweza kufanya, daftari lilifungwa zamani.

Usichanganye hiyo na kidole kukataa kusomwa, hiyo ni mambo mengine. Wakulima, mafundi wa mawe, wale wanaokata mkonge, vidole vinakuwa vimelika na mashine inashindwa kuvitambua. Hapo karani anatafuta kwa namba ya kitambulisho, jina likipatikana inajazwa Fomu 32A mbele ya mawakala wa vyama na mtu anapiga kura yake kama kawaida. Kwa hivyo mtu asikubali kurudishwa nyumbani ati kidole kimekataa. Lakini jina lazima liwe kwa daftari la hapo.

Muda nao. Sheria inataka uombe kuhamisha si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, ukihesabu kurudi nyuma unaangukia Mei. Usingoje Mei tafadhali, hizo wiki za mwisho kila mtu anakumbuka kura kwa wakati mmoja. Enda likizo ya shule hii inayokuja. Halafu daftari likifunguliwa kwa wananchi kulikagua, angalia jina lako tena, jina, namba ya kitambulisho, kituo. Mwaka 2022 watu walikuwa wanatuma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwenda 70000, utaratibu wa safari hii fuata ule IEBC itatangaza yenyewe, usifuate meseji iliyosambazwa kwa grupu.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi kwa barua yako ni hiyo picha ya kitambulisho. Watu wanatoa vitambulisho kama peremende, kwa mlinzi wa geti, kwa mtu wa saiba, kwa kijana wa kampeni anayepita akiandika majina na namba kwa kitabu ati kuna msaada unakuja. Mnakumbuka 2021, Wakenya walifungua eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kusikia mkutano wake, namba za vitambulisho vyao zilikuwa zimetumika bila wao kuulizwa. Na anayekuja kununua kitambulisho chako au kukushikia mpaka kura iishe, huyo anafanya kosa la jinai, mripoti polisi.

Wewe ingia eCitizen leo kwa huduma za Msajili wa Vyama uangalie kama umeandikishwa chama usichokijua, na ukikuta jina lako, jitoe hapo hapo. Halafu pita kwa huyo kijana, simama hapo akifuta picha kwa simu na kwa kompyuta, na kwa WhatsApp pia, ukiwa unaona.