Jibu: Kikundi chetu kipate wapi msaada wa serikali kulinda mto?

Mkuu, kwa mto unaochafuliwa na bomba la karakana, msianzie halmashauri. Mikopo yake ya asilimia 10 ya mapato, hapa Tanzania, ni ya miradi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na inarudishwa. Nendeni Bodi ya Maji ya Bonde, ofisi ya serikali inayosimamia mito ya eneo lenu, mkaunde Jumuiya ya Watumia Maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Ombeni vitu kuliko fedha: kupimiwa mita 60 za kingo zinazolindwa kisheria, bikoni (alama za mpaka), miche.

Panapokwama ni ushahidi. Chukueni sampuli mbili siku moja, moja kabla ya bomba na nyingine baada yake, ziwekwe kwenye barafu na zifike maabara ya maji ndani ya saa 24. Sampuli ya baada ya bomba pekee haitoshi. Mwenye karakana atasema uchafu umetoka juu ya mto.