Asilimia ya ufanano haipimi ukweli wa data

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu kipato cha wakulima wa mwani katika shehia nne za Wilaya ya Micheweni, Pemba. Nilipanga kuwahoji wakulima 120, lakini mvua za masika zilinikatiza na nimepata 74 tu. Msaidizi wangu wa kukusanya data ananishauri tuyajaze madodoso 46 yaliyobaki kwa kufuata majibu ya wenzao, kwa kuwa mwelekeo umeshajulikana. Rasimu yangu imepita kwenye programu ya kukagua ufanano na kupata asilimia 11, ilhali chuo kinaruhusu hadi 20. Je, kwa asilimia hiyo naweza kuhesabiwa kuwa nimekiuka maadili ya utafiti?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Ukiyajaza, utakuwa umebuni data, na katika makosa ya utafiti sijui lililo zito kuliko hilo. Madodoso 74 yanatosha kuandikia tasnifu, mradi useme wazi katika sura ya mbinu kwamba ulikusudia 120, ukapata 74, kwa sababu zipi, na kwamba makadirio yako yasomwe kwa tahadhari inayolingana na ukubwa wa sampuli. Zungumza na msimamizi wako kabla hujaandika neno jingine.

Linalonisumbua zaidi ni ile asilimia 11, kwa sababu kila mwaka wananijia wanafunzi, na wakati mwingine walimu wenzangu, wakiwa wameikamata karatasi ya asilimia kana kwamba ni cheti cha uaminifu. Programu ile inafanya kazi moja tu: inalinganisha maneno yako na maneno yaliyomo katika ghala lake. Haijui kama mama uliyemwandika kuwa na kamba 200 za mwani yupo Micheweni, wala kama aliulizwa. Data iliyobuniwa usiku mezani haifanani na maandishi ya mtu yeyote, kwa hiyo mwongo stadi anaweza kupata asilimia sifuri, na mwanafunzi mwaminifu aliyenukuu sheria na kuambatanisha dodoso lililokwishatumika na wengine akapata 25. Ndiyo maana ripoti hiyo husomwa ukurasa kwa ukurasa na mtu anayeijua fani, haisomwi kwa tarakimu ya juu peke yake.

Diederik Stapel, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Tilburg nchini Uholanzi, hakuanguka kwa kunakili maneno ya watu. Aliandika kwa kalamu yake mwenyewe, akabuni matokeo ya majaribio ambayo hayakufanyika, na akawapa wanafunzi wake data hizo wazitumie katika tasnifu zao. Alipofichuliwa mwaka 2011 ni watafiti vijana waliokuwa karibu naye waliosema, na makala zake zaidi ya 50 zimefutwa. Yoshitaka Fujii wa Japani, daktari wa usingizi, alishukiwa kwa sababu tarakimu zake zilikuwa nadhifu kupita kiasi; uchunguzi wa mwaka 2012 ukakuta makala 172 kati ya 212 zilizochunguzwa zina data za kubuni. Maandishi ya hawa wote wawili yangeweza kupita katika programu yako bila tatizo.

Nawe usidhani kwamba data ya uongo haionekani. Niliwahi kuletewa mafungu mawili ya madodoso kutoka pwani moja. La kwanza lilikuwa limekunjwa, lina madoa ya maji ya chumvi, wahojiwa wametaja umri wa miaka 40, 45 na 50 kama watu wanavyokadiria, na wengi wamejibu "sijui" walipoulizwa kilo za msimu uliopita. La pili lilikuwa safi, wino mmoja mwanzo hadi mwisho, umri wa 43, 47, 52, na hapakuwa na "sijui" hata moja. Tena yote yaliandikwa kuwa yamejazwa majumbani saa nne asubuhi, siku ambazo nilipozilinganisha na mwandamo wa mwezi niliona kuwa ni za bamvua, yaani maji ya bahari hujaa na kupwa kupita siku nyingine. Mkulima wa mwani siku ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yakiwa yametoka, hayupo nyumbani. Yupo shambani amepiga magoti anafunga mbegu. Aliyeyajaza hakuwa amefika huko.

Kwa hiyo msaidizi aliyekupa rai hiyo, usiishie kuikataa tu. Chagua kaya kumi kati ya zile alizohoji yeye, pita kwa sheha kama ulivyopita mwanzo, uende mwenyewe ukaulize maswali matatu au manne yaleyale. Anayeona wepesi kujaza 46 pengine ameshajaza sita.

Jambo la mwisho nalisema kwa wote, maana najua wanaosoma hapa ni wengi. Wapo watu wenye kompyuta katika maduka ya steshenari wanaotangaza kwamba "wanashusha asilimia" kwa malipo. Wanachofanya ni kubadilisha maneno kwa programu, kupachika herufi za maandishi ya kigeni zinazofanana na za kwetu, au kugeuza aya kuwa picha ili isisomeke. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, mtaalamu wa kompyuta wa Toulouse, Ufaransa, na wenzake walionyesha makala za kisayansi zilizoharibiwa kwa kubadilishwa maneno hivyo, ambamo saratani ya matiti imegeuka kuwa kitu kama "hatari ya kifuani". Mtu huyo hakusaidii, anaongeza kosa la pili juu ya la kwanza na kukuachia wewe jina lako juu ya jalada. Isitoshe, akiipitisha kazi yako kwenye programu kwa akaunti ya mtu mwingine, inaweza kubaki katika ghala lake, na siku chuo kitakapoikagua rasmi itafanana na yenyewe karibu yote. Nimekaa katika kikao ambacho mwanafunzi, machozi yakimtoka, alijaribu kuthibitisha kwamba tasnifu iliyo mbele yetu ni yake, na hakuwa na hata dodoso moja la kutuonyesha.