Wasomaji Wanauliza: Dawn of Sorrow, Sifa Zake na Lawama Zake

SWALI: Kwenye tovuti ya Metacritic, gemu ya Castlevania: Dawn of Sorrow ina alama 89, na Aria of Sorrow iliyoitangulia ina 91. Je, mwendelezo huu umeshuka kiwango?

JIBU: Haujashuka. Metacritic huchukua alama za majarida na tovuti, huzigeuza zote kuwa kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani huku vyombo vingine vikipewa uzito kuliko vingine. Pengo la alama mbili halina maana yoyote hapo, tena kwa gemu zilizotoka kwenye konsoli tofauti. Aria ilitoka 2003 kwenye Game Boy Advance, Dawn ikaja 2005 kwenye Nintendo DS.

Kilichobadilika ni matarajio. Mhakiki wa 2003 alikuwa akiipima Aria kando ya Circle of the Moon ya 2001 na Harmony of Dissonance ya 2002, na mfumo wa kunyakua roho za maadui ulimshangaza. Mhakiki wa 2005 alishauzoea. Ndiyo maana tahakiki nyingi za Dawn zinasifu uchezaji, muziki wa Michiru Yamane na jinsi wahusika wanavyotembea kwa ulaini, halafu papo hapo zinasema gemu inafanana mno na iliyotangulia. Lawama hiyo ni ya kweli, lakini kwa mtu ambaye hajagusa Aria haina uzito wowote. Soma maneno ya mhakiki kwanza, alama baadaye.

SWALI: Kila tahakiki inazitaja roho. Nimecheza sehemu mbili za kasri na sioni ajabu yake. Nakosea wapi?

JIBU: Pengine umevaa roho ya kwanza uliyoipata na hujaigusa tena. Roho ziko za aina nne. Nyekundu ni za kushambulia na hula nguvu za uchawi kila unapozitumia. Za bluu hufanya kazi muda wote unaposhikilia kitufe chake, nazo hula uchawi taratibu. Za njano hukaa kimya zikikuongezea uwezo, hazili kitu. Aina ya nne hukupa uwezo wa kudumu, kwa mfano roho ya Balore, mmoja wa mabosi (maadui wakuu), inayokuwezesha kuvunja vipande vya barafu kwa kugusa skrini.

Kuna jambo ambalo tahakiki fupi hulipita haraka: roho nyingi hupata nguvu kadiri unavyokusanya nakala zake, hadi tisa. Roho iliyoonekana dhaifu ukiwa na nakala moja huweza kuwa silaha yako kuu baadaye. Kwa hiyo adui akikupa roho inayokufaa, toka chumbani, rudi, umpige tena. Maadui hurudi kila unapoingia upya.

Halafu kuna Yoko, mhusika anayechanganya silaha na roho ili kupata silaha bora. Hapa ndipo wengi wanapoumia: roho ukiitoa kwa Yoko imekwenda. Ukimpa nakala pekee uliyonayo, umepoteza na uwezo wake. Sevu kwanza, hesabu nakala, ndipo uchanganye. Wahakiki waliosema kwamba kukusanya roho kunachosha walikuwa na hoja, kwa sababu baadhi ya maadui ni wagumu kutoa roho na silaha za juu zinazihitaji. Lakini huo ndio moyo wa gemu hii, na hakuna kitu kingine ndani yake kinachokulipa vizuri hivyo.

Ukipata roho ya Doppelganger, panga seti mbili za roho na silaha: moja ya kuchunguza kasri, nyingine ya kupambana na bosi. Utabadilisha kwa kitufe kimoja bila kufungua menyu.

SWALI: Nimemmaliza bosi mara tatu, lakini muhuri unanishinda na anafufuka. Hivi nani aliona hili ni wazo zuri?

JIBU: Wahakiki wengi waliuliza hivyo hivyo, na hii ndiyo lawama iliyojirudia kuliko zote. Damu (uhai) ya bosi ikiisha, mchoro, yaani muhuri, hutokea na unatakiwa kuuchora kwenye skrini ya chini ya DS, ile ya kugusa, ndani ya muda mfupi. Ukikosea, bosi hurudishiwa sehemu ya damu na pambano linaendelea. Tatizo ni mikono: dakika nzima vidole gumba viwili viko kwenye vitufe, ghafla unatakiwa uwe umeshika kalamu ya kugusia skrini.

Dawa ni kuiweka kalamu tayari kabla ya kuingia kwa bosi, ukiibana kati ya vidole vya mkono wa kulia huku kidole gumba kikibaki huru kwa vitufe. Wengine hutumia ukucha wa kidole gumba, na unatosha kwa mihuri ya mwanzo. Mihuri ya mbele ina mistari mingi inayokatizana, hapo kalamu ni bora.

Kama mstari wako unatokea pembeni ya ulipogusa, kosa si lako. Zima gemu, ingia kwenye mipangilio ya DS, usawazishe skrini ya kugusa kwa kugonga alama zinazoonyeshwa. Futa skrini kwanza, maana mafuta ya vidole na mikwaruzo kwenye karatasi ya kinga hukata mstari katikati. Na usiingie kwa bosi ukiwa na damu inayotosha pambano moja tu. Bakiza dawa za kukuwezesha kumpiga tena endapo muhuri utakosewa.

SWALI: Kwa nini sura za wahusika zilichukiwa hivyo?

JIBU: Tangu Symphony of the Night ya 1997, picha za Ayami Kojima zilikuwa zimeupa mfululizo huu sura yake: nyuso za huzuni, giza, mavazi ya kifahari. Dawn ikaleta michoro ya mtindo wa anime, na mtayarishaji Koji Igarashi alieleza kwamba alilenga wachezaji wa umri mdogo wa DS. Lawama hii naiunga mkono. Michoro ile haiendani na kasri lenyewe, ambalo limechorwa vizuri sana.

SWALI: Nimemaliza mapema na mwisho ukaniacha hewani. Ni fupi hivyo?

JIBU: Umepata mwisho mbaya. Lazima uwe umevaa hirizi ya Mina, rafiki wa mhusika mkuu, unapofika kwenye tukio kubwa la adui Celia; kuwa nayo mfukoni hakutoshi. Rudi kwenye sevu ya nyuma, uivae, na sehemu nyingine ya gemu itafunguka. Pia kuna hali ya kucheza kama Julius, mwindaji wa vampaya, ambayo wahakiki waliipenda kwa haki kabisa.

SWALI: Nitafute kadi ya zamani au toleo jipya?

JIBU: Kama mihuri ndiyo inayokutisha, chukua Castlevania Dominus Collection ya 2024. Ndani yake kuna gemu zote tatu za Castlevania za DS, mihuri inafungwa kwa vitufe, na unaweza kurudisha mchezo nyuma ukikosea. Kadi ya zamani inafanya kazi pia kwenye 3DS. Shikilia Start au Select wakati wa kuifungua, picha itabaki na ukubwa wake halisi badala ya kuvutwa na kufifia.